Chensoo Imegoma, Benchi Linajua Yote

Redio ndogo ya Birika, muuza kahawa wa kijiweni, ile iliyofungwa kwa raba ili betri zisidondoke, ilikuwa ndiyo kwanza imemaliza salamu za asubuhi ilipotoa habari ya kuharibu Jumamosi. Upepo mkali unaoambatana na mvua kubwa, kuanzia saa kumi na mbili jioni. Wanaoishi jirani na miti mikubwa wachukue tahadhari.

"Upepo gani?" Spidi alidakia kabla msomaji hajapumua. Spidi ni mwendesha bodaboda, baba wa watoto watatu, na jina lake kalipata kwa mdomo, si kwa pikipiki. "Juzi wametangaza mvua, nikashinda na koti la mvua, jua likanichemsha humo ndani kama yai!"

"Hao hawatabiri, wanabahatisha," alisema Silabasi, mwalimu mstaafu wa jiografia. "Mimi mawingu nayasoma kama gazeti."

"Haya, tusomee. Leo inanyesha?"

Silabasi aliinua uso, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaliangalia anga kwa muda wa kutosha kunywa kikombe kizima.

"Inategemea," alisema.

Hakuna aliyecheka, maana wote walijua anachokikwepa. Kijiwe hiki kina sheria moja tu, iliyowekwa kwa utani miaka mitatu iliyopita: atakayetamka neno "sijui" anawanunulia wote kahawa. Aliyeitunga ni Birika mwenyewe, akidhani itamletea biashara. Tangu siku hiyo neno hilo halijasikika tena. Watu wameulizwa umbali wa kwenda mwezini, wakajibu. Wameulizwa umri wa bibi yake Birika, wakajibu, na Birika alipojaribu kuwasahihisha wakambishia.

Aliyechomwa zaidi na habari ile ni Injinia, aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi na gunia katikati ya miguu. Kwa kazi Injinia ni fundi cherehani. Chumba chake cha kushonea kinatazamana na benchi, ng'ambo ya barabara. Jina la Injinia alilipata siku redio ya Birika ilipokata sauti, yeye akaizaba kofi, ikaongea. Watu walisema kwa mzaha, yeye akalichukua moja kwa moja. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na la Injinia lilikuwa limebaki maji matupu.

"Mbona umenywea hivyo?" Spidi alimgeukia. "Una mti?"

"Mimi sina. Mama mkwe anao."

"Ule mkubwa wa nyuma?"

"Ule ule. Umelalia upande wa chumba chake. Tawi moja linasugua bati kabisa, ukikaa mle ndani unalisikia linakwaruza."

"Si mlisema atatafutwa mtu wa kuukata?"

Injinia alikohoa. Hapo ndipo palipokuwa na mfupa. Wiki mbili nyuma, familia nzima imekaa, mama mkwe alisema ataenda kumwona mpasua mbao. Mtu mwenye akili angenyamaza na kuendelea kula. Injinia yeye aliweka kijiko chini, akatanua kifua mbele ya mashemeji wote, akasema: "Mtu gani tena, mama, na mimi nipo?" Mashemeji walitazamana. Mkewe alimkanyaga mguu chini ya meza. Yeye akaongeza: "Nitaleta mashine, niukate mwenyewe, kwa mkono huu."

Alilifungua gunia. Ndani yake kulikuwa na chensoo, msumeno wa mnyororo unaoendeshwa kwa injini, rangi imebabuka, mpini umezungushiwa utepe mweusi.

"Ya mtumba hii," Spidi alisema.

"Imetumika kidogo."

"Kidogo? Hii imetumika mpaka na wazee wake! Kakuuzia nani?"

"Hajaniuzia. Tumebadilishana."

"Kwa nini?"

"Cherehani."

Benchi zima likamgeukia. Hata Birika aliacha kupuliza makaa.

"Isiwe ile ya mke wako," Silabasi alisema taratibu.

"Ile ya akiba."

"Ile ya akiba anayoshonea mke wako?"

Injinia alipeleka kikombe mdomoni akanywa, ingawa kilikuwa kitupu tangu taarifa ya habari. Tangu Alhamisi mkewe alikuwa anazungumza naye kwa kupitia watoto. Jana usiku alikaa naye meza moja, magoti yanagusana, akasema: "Mwambieni baba yenu chumvi iko mbele yake."

"Aliyenipa aliniambia inawaka kwa mvuto mmoja," Injinia alijitetea.

"Hakukudanganya," Spidi alisema. "Hakusema tu ni mvuto wa nani."

Injinia aliiweka mashine chini, akaukanyaga mpini, akashika kamba, akavuta. Mashine ilisema *prrt*, ikanyamaza. Akavuta tena. *Prrt*. Alivuta mara ishirini, na ya ishirini na moja kifungo cha shati lake kiliruka kikaenda kutua kwenye birika la kahawa. Kifungo chenyewe alikishona yeye.

"Ngoja, ngoja!" Spidi alishavua koti. "Hii ni pikipiki tu iliyokatwa magurudumu. Nipisheni. Kwanza choki. Choki ifungwe!"

"Ifunguliwe," alisema Silabasi. "Injini inahitaji hewa. Hiyo ni sayansi ya darasa la sita."

"Mwalimu, injini ya baridi unaifungia choki!"

"Saa nne hii na jua lote hili, baridi imetoka wapi?"

"Iwekwe katikati," alisema Injinia, ambaye huamini kila ugomvi duniani huishia katikati. Ikawekwa katikati. Wakavuta. *Prrt*.

"Mafuta umeweka?" Silabasi aliuliza.

"Nimeweka asubuhi, mwenyewe, kwa mikono yangu hii."

"Petroli tupu? Hizi zinakunywa petroli iliyochanganywa na oili."

"Nimechanganya. Na oili ya kulainisha mnyororo nimeweka pia. Mimi si mtoto."

"Uwiano gani?"

Swali hilo lilikula nusu saa. Silabasi alisema oili moja kwa petroli hamsini, akatafuta kijiti akapiga hesabu mchangani. Spidi alisema moja kwa ishirini na tano, akaifuta hesabu kwa kiatu. Injinia alipoulizwa yeye alichanganya vipi, alijibu kwamba alichanganya "inavyotakiwa", na jibu hilo likawaridhisha wote wawili, kila mmoja akaamini amemshinda mwenzake.

Birika alikuwa amekaa kwenye stuli yake ananusa nusa. "Jamani, mbona meno ya huyu mnyama yananuka petroli? Nina moto hapa!"

"Ni kawaida," Silabasi alimtuliza. "Huo unaitwa uvukizaji."

"Uvukizaji ndiyo nini?"

"Ndiyo huo unaounusa."

Birika hakungoja somo la pili. Alibeba jiko lake la makaa na birika akahamia ng'ambo, kwenye kibaraza cha Injinia, na kuanzia hapo kahawa ikawa ya kuvukia barabara.

Spidi alileta spana ya plagi kutoka kwenye pikipiki yake, akafungua plagi, akaitazama, akailamba kidogo kwa ncha ya ulimi, maana ujuzi lazima uonekane. "Kavu! Moto upo, mafuta ndiyo hayafiki."

"Au yanafika yanakauka," Silabasi alisema.

"Kwenye cherehani," Injinia aliingilia, "uzi usipofika sindanoni, tatizo ni kukaza na kulegeza." Akachukua bisibisi akakaza skrubu ndogo aliyoiona ubavuni. Spidi akamnyang'anya bisibisi akailegeza. Injinia akaikaza. Waliikaza na kuilegeza mpaka ikarudi pale pale ilipokuwa, na kila mmoja akajifuta jasho kama aliyefanya kazi. Silabasi, kwa upande wake, alichomoa chujio la hewa, akalikung'uta kwenye goti, akapata suruali nyeusi, akalirudisha.

"Manahodha wengi chombo huenda mrama," Birika alipiga kelele kutoka ng'ambo.

"Wewe angalia kahawa yako, ina kifungo!"

Wakavuta kwa zamu. Injinia alivuta mpaka bega likaanza kumwita kwa jina. Na kila *prrt* iliyotoka, yeye hakuwa anaisikia ile mashine tena. Alikuwa anasikia lile tawi likikwaruza bati. Alimwona mama mkwe amelala, shuka mpaka kidevuni, upepo unakuja. Na kama si kifua chake cha siku ile, mti ungekuwa umeshageuka kuni. Alijisikia vibaya kweli, lakini mdomo wake ulikuwa na mazoea yake.

"Nalijua tatizo," mdomo ukasema. "Imekaa muda mrefu, inaona haya watu."

"Inaona haya!" Spidi alipiga kofi pajani. "Mashine ina aibu kuliko mwenyewe!"

Walikuwa katika kicheko hicho Spidi alipogeuka akakaa wima ghafla. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yao, mtandio begani, mfuko wa sokoni mkononi. Alikuwa mkunga miaka yote ya kazi yake, na nusu ya watu wa mtaa ule waliingia duniani kwa mikono yake, Spidi akiwamo. Injinia aliinuka, akatafuta pa kuweka mikono, akakosa, akaificha nyuma pamoja na bisibisi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimesimama hapa muda. Mnavuta, mnavuta. Mmeshajua kichwa kiko wapi?"

"Tupo mwishoni kabisa, mama," alisema Spidi. "Tatizo tunalijua, ni plagi."

"Ni hewa," alisema Silabasi. "Suala la kisayansi tu."

Mama mkwe aliwasikiliza kwa adabu, kisha akamgeukia mkwewe. "Na wewe? Unajua ina nini?"

Injinia alifungua mdomo. Neno "najua" lilikuwa tayari limeshakaa kwenye ulimi, limevaa na viatu. Ng'ambo ya barabara Birika aliinua birika juu akalishikilia hivyo hivyo, kama mwamuzi mwenye filimbi mdomoni. Injinia akaitazama mashine, akamtazama mama. Akachoka. Alichoka kweli kweli, uchovu wa miaka.

"Sijui, mama," alisema.

Spidi alishika kichwa. Silabasi alivua miwani.

"Sijui ina nini," Injinia aliendelea, na alivyokwisha kuanza akaona hakuna sababu ya kubana. "Sijui kuiwasha, sijui kuitumia, na mti sijawahi kukata hata mmoja. Hata tawi. Wiki zote mbili hizi nimekuwa naomba usiku upepo usije."

Mama mkwe aliweka mfuko chini. Injinia akasubiri kusemwa. Badala yake mama alicheka, kicheko cha chini chini, akakaa kwenye benchi.

"Miaka kumi na moja," alisema. "Miaka kumi na moja nalingojea neno hilo. Siku uliyokuja kuposa nilikuuliza, unajua binti yangu ana hasira? Ukasema najua. Unajua kulea? Najua. Mtoto wenu wa kwanza alipopata homa nikakuuliza, unajua kumpoza? Najua, mama, na mikono inakutetemeka. Mwanangu, nilikuwa nakuogopa. Mtu anayejua kila kitu humshauri, humtumi, hata pole humpi."

Injinia alikaa karibu naye.

"Halafu mimi sikuja kukutaka ukate," mama aliendelea. "Mpasua mbao anakuja saa tisa. Msumeno wake umekatika mnyororo, akaniambia nikipata wa kuazima atakuja. Nimekuja kuazima, basi. Kama hauwaki, nitahamia kwenu leo usiku, nilale na wajukuu."

"Mama, kwetu nako siku hizi…" Injinia alianza.

"Najua. Binti yangu kanieleza habari ya cherehani." Akamgonga kidogo begani. "Hilo utamwambia mwenyewe neno hilo hilo ulilonitamkia mimi, na la samahani ulifuatishe."

Injinia akachuchumaa mbele ya ile mashine, safari hii bila bisibisi. Na mtu aliyekwisha kukiri hana haraka, anaweza kutazama. Akaona kitu ambacho kilikuwepo tangu Alhamisi. Ubavuni kulikuwa na vifuniko viwili. Cha nyuma kimechorwa pampu ya mafuta. Cha mbele, karibu na meno, kimechorwa mnyororo na tone.

Aligusa picha moja, akagusa ya pili. Damu ilimpanda masikioni.

"Jamani," alisema, "kwenye cherehani oili tunaiweka nyuma. Kwenye tundu la karibu na gurudumu lile la kuzungusha kwa mkono."

"Sasa?" Spidi aliuliza.

"Sasa nikaona hii kamba ya kuvuta ndiyo gurudumu lake. Oili nikaiweka huku nyuma. Petroli nikaiweka mbele."

Silabasi aliinama, akasogeza miwani, akasoma zile picha mbili kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa kazi. "Yaani tumeupa mnyororo petroli, na injini tumeinywesha oili tupu."

"Tumeipa? Nimeipa mimi!" Injinia alijipiga kifuani, pale pale alipokitanua kifua wiki mbili zilizopita. "Asubuhi nzima natafuta mchawi wa hii mashine, kumbe kikulacho ki nguoni mwako!"

"Nilisema mimi meno yananuka!" Birika alipaza sauti. "Mkaniambia uvukizaji!"

"Nani kasema uvukizaji?" alisema Silabasi. "Mimi nilikuwa nauliza."

Wakamwaga vyote viwili. Spidi akatoa petroli kidogo kwenye pikipiki yake, wakasuuza tangi mara mbili, wakachanganya upya, uwiano ukaamuliwa na mama mkwe, ambaye aliwapa dakika moja kisha akasema, "Someni kwenye chupa ya oili iliyo humo guniani." Kwenye chupa paliandikwa moja kwa hamsini. Spidi alisoma mara tatu akidai mwandiko ni mdogo.

Injinia akafunga choki, akavuta. Kimya. Akavuta. Mashine ikakohoa. Akafungua choki, akavuta tena, ikanguruma, ikatoa moshi mweupe ukajaa mtaa mzima, na watu wote waliokuwa wanajua mashine wakakimbia. Silabasi alipatikana nyuma ya nguzo ya umeme. Spidi alikuwa ameshapanda pikipiki. Aliyebaki ni Injinia, ameishika kwa mikono yote miwili, anacheka kama mwehu, na mama mkwe, aliyeziba masikio bila kuondoka kwenye benchi.

"Izime sasa!" mama alipiga kelele.

"Sijui inazimwa wapi!"

Lakini alitafuta, akakiona kidude chekundu, akakibonyeza, ikazima. Birika alivuka barabara na vikombe vyote alivyokuwa navyo, akamimina, akagawa, na kila alipomimina alitaja jina la mlipaji kwa sauti ya mshereheshaji wa harusi. "Sijui za mwanzo nazihesabu moja, na hii ya sasa ya pili, ndugu zangu! Raundi mbili!" Injinia alilipa bila ubishi. Kahawa ya kikombe chake ilikuwa na kifungo. Akakitoa, akakitia mfukoni.

Saa tisa benchi zima lilikuwa nyuma ya nyumba ya mama mkwe. Hakuna aliyealikwa. Silabasi alidai amekuja kwa ajili ya mwelekeo wa upepo, Spidi alidai amekuja kwa ajili ya plagi, na Birika alikuja kwa sababu hakuna mteja aliyebaki kijiweni.

Mpasua mbao alikuwa mtu mwembamba wa maneno machache. Alipokea chensoo, akaujaribu mnyororo kwa kidole, akaiweka chini. Halafu akaanza kuuzunguka mti. Akasimama, akatazama juu, akagusa gome, akazunguka tena. Wingu lilikuwa limeanza kupanda upande wa pili wa mtaa. Lile tawi lilikwaruza bati, na Injinia akalisikia kwa masikio yake sasa, si kwa mawazo.

Mama mkwe alisimama mlangoni. "Kabla hajaanza," alisema, "kuna anayejua utaangukia upande gani?"

"Huku!" Spidi alinyoosha mkono kuelekea barabarani.

"Haiwezekani," Silabasi alisema. "Kwa mujibu wa mteremko, utalalia kule kisimani."

"Ukutani kwa jirani," alisema Birika, ambaye kazi yake ni kahawa. "Naujua mti huu."

Mpasua mbao alikuwa bado anazunguka, hajatamka neno. Mama akamgeukia mkwewe. Mkono wa Injinia ulikuwa umeshafika usawa wa kiuno, kidole kimeshaanza kunyooka chenyewe. Akakishika kwa mkono wa pili, akakikunja.

"Sijui, mama."

"Vizuri," alisema mama mkwe, akafungua mlango wa chumba chake. "Basi wewe njoo unisaidie kutoa kitanda. Hawa waache waendelee kujua."